Tarumbeta, Rika na Alhamisi Zangu za Dresden

Kamwene, ndugu zangu wa Iringa, Njombe na Mufindi. Ugonile, watu wa Tukuyu, Kyela na Mbeya mjini. Wazee wote mnaotazama, shikamooni. Ninazungumza nanyi kutoka jikoni kwangu hapa Dresden, mashariki mwa Ujerumani, na chombo hiki mnachokiona mezani ni tarumbeta. Tangu kilipoonekana nyuma yangu katika video ya mwezi uliopita, wengi mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kazi ya kutunza wazee nikawa mwanamuziki. Sijaacha. Ninajifunza kupuliza tarumbeta kwa sababu ninaipenda tu, silipwi hata senti moja, na leo nataka niwaeleze kwa nini jambo hili dogo limebadilisha maisha yangu ya ugenini kuliko mshahara, kuliko kibali cha kuishi na kuliko lugha niliyoisomea kwa jasho.

Nianze na majira ya baridi ya mwaka wangu wa tatu hapa. Ijumaa moja asubuhi nilirudi kutoka zamu ya usiku, nikalala, na nilipoamka ilikuwa saa kumi na nusu jioni na giza limeshaingia, kwa maana mwezi Desemba jua la huku hutua mapema hivyo. Nilikuwa na mapumziko hadi Jumatatu. Jumatatu hiyo, nikiwa ndani ya tramu kuelekea kazini, niligundua kwamba kwa siku tatu nzima neno pekee lililotoka kinywani mwangu lilikuwa «asante», nililomwambia mhudumu wa duka. Chakula kilikuwapo, kodi ya nyumba nilikuwa nimelipa, na fedha za ada ya mdogo wangu zilikuwa zimeshafika Tukuyu. Ukinipigia simu siku hiyo ningekujibu kwamba sijambo kabisa, na wala nisingejua kwamba ninadanganya.

Najua baadhi yenu mnasema moyoni kwamba huo ni ugonjwa wa Ulaya, na kwamba kwetu, mahali ambapo huwezi kupita mlangoni kwa jirani bila kuulizwa umeamkaje, hakuna mtu mpweke. Nilikuwa na imani hiyo hiyo. Lakini mwezi Juni 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti ya tume yake inayoshughulikia mahusiano ya kijamii, na ripoti hiyo inaeleza kwamba mtu mmoja kati ya kila sita duniani anaumia kwa upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Kilichonikamata zaidi ni kwamba katika nchi zenye kipato cha chini takriban asilimia 24 ya watu walisema wanajihisi wapweke, ilhali katika nchi tajiri ni kama asilimia 11. Tanzania imehesabiwa katika kundi la kipato cha kati ngazi ya chini tangu mwaka 2020, kwa hiyo siwezi kuichukua asilimia hiyo nikaibandika Mbeya. Hata hivyo, takwimu hizo zinanifanya nimwangalie kwa jicho lingine yule kijana wa bodaboda anayekaa Mwanjelwa kutwa nzima katikati ya umati huku macho yake hayatoki kwenye simu, na yule mama wa Mafinga ambaye watoto wake wote wamehamia Dar es Salaam.

Tarumbeta iliniingia kupitia ubao wa matangazo wa kanisa moja la mtaani kwangu. Paliandikwa kwamba kikundi cha vyombo vya kupuliza kinapokea wanaoanza wa umri wowote, kila Alhamisi jioni, na kwamba vyombo vinaazimwa bure. Niliisoma karatasi ile mara mbili, kwa sababu picha iliyobandikwa chini yake ilinirudisha moja kwa moja Rungwe. Mnaotoka kwetu mnajua: wamisionari Wamoravian walifika chini ya Mlima Rungwe mwaka 1891, nao walitoka katika kanisa lenye makao yake Herrnhut, mji mdogo ulioanzishwa mwaka 1722, ambao hauko hata kilomita 100 kutoka hapa nilipoketi. Huko Herrnhut watu wamekuwa wakipiga vyombo vya shaba makaburini alfajiri ya Pasaka tangu karne ya 18. Baba yangu alipuliza tarumbeta katika usharika wetu kwa miaka mingi, na mimi nililala utotoni nikimsikia akifanya mazoezi nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Lakini usharikani kwetu wakati ule waliopuliza walikuwa wanaume, na sisi wasichana tulipelekwa kwenye kwaya ya kuimba. Sikuwahi kukigusa chombo cha baba. Nilikigusa cha Wajerumani nikiwa na miaka 41.

Jioni ya kwanza ilitoka pumzi tupu. Sauti ya tarumbeta huanzia kwenye midomo, ambayo inatakiwa itetemeke yenyewe, na chuma kile hufanya kazi ya kuikuza na kuipa umbo. Vitufe vyake ni vitatu tu, na kazi yake ni kurefusha njia ya hewa. Noti nyingine zote unazitafuta kwa kukaza au kulegeza midomo na kwa kuisukuma pumzi kutoka tumboni. Kwa sababu hiyo huwezi kupuliza huku unawaza bili ya umeme. Ukiiacha akili itembee, noti inaanguka papo hapo. Ninafanya kazi ya kuinua miili ya wazee na kuwafariji usiku, ni kazi inayonifuata hadi nyumbani, na kwa miaka mitatu sikuwa nimepata saa moja ambayo kichwa changu kilinyamaza. Alhamisi ile, baada ya dakika arobaini za kushindwa, nilitambua kwamba kilikuwa kimenyamaza.

Katika kundi letu la wanaoanza tulikuwa wanne: dereva wa tramu aliyestaafu, mama mmoja mfamasia, mvulana wa miaka kumi na mmoja na mimi. Huyo mvulana ndiye aliyetutangulia kupata noti ya sol ya juu, akatueleza jinsi anavyoibana midomo, na mzee wa tramu akamsikiliza kwa makini kama mwanafunzi mbele ya mwalimu wake. Kazini kwangu mimi ni mgeni mwenye lafudhi. Pale, lafudhi yangu haikuwa na nafasi ya kuonekana, kwa sababu sote wanne tulikuwa hatujui kitu, na tulikuwa hatujui kwa pamoja.

Msidhani kwamba urafiki ulikuja wiki hiyo. Haukuja, na hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema. Mtafiti mmoja wa Marekani, Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, alichapisha mwaka 2018 hesabu inayoonesha kwamba mtu huhitaji kama saa 50 za kuwa pamoja na mwenzake ili watoke kwenye kufahamiana tu na kuwa marafiki wa kawaida, kama saa 90 ili wawe marafiki kweli, na zaidi ya saa 200 ili wawe marafiki wa karibu. Mazoezi yetu huchukua saa mbili. Pigeni hesabu nami: saa 50 ni wiki 25, saa 90 ni wiki 45, na saa 200 ni wiki 100, yaani karibu miaka miwili ya Alhamisi bila kukosa. Nikitazama nyuma naona hesabu hiyo imenilingana kwa kiasi cha kunishangaza. Mwezi wa sita wa mazoezi yetu mfamasia alianza kunisubiri mlangoni. Mwaka ulipokaribia kuisha mzee wa tramu alinialika kula chakula cha Jumapili kwake. Na mwaka wa pili, nilipofiwa na shangazi yangu wa Kiwira nisiweze kusafiri kwenda kumzika, watu hao watatu, pamoja na mama wa yule mvulana, walikuja hapa jikoni, wakaketi hapa hapa, na hakuna aliyetafuta maneno ya kusema. Matanga hayakuwa kama ya nyumbani, lakini sikukaa peke yangu.

Bila kazi ya mikono inayoturudisha mahali pamoja, saa hizo 200 tungezipata wapi? Watu wazima hawaitani kwenda kukaa bure. Hobi, yaani jambo mtu analolifanya kwa kulipenda tu, huwapa sababu ya kukutana hata siku ambayo hawana cha kuambiana, na huwapa cha kutazama wakati macho bado yanaona haya kutazamana.

Kwetu Unyakyusa jambo hili lina jina la zamani. Wazee wetu huliita ukwangala, yaani ile raha ya kukaa na wenzako, kula nao, kuzungumza nao na kupata akili kutoka kwao. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi na kufanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, aliona kwamba wavulana waliondoka mapema kwenye maboma ya baba zao na kujenga kijiji chao wenyewe, rika moja pamoja, na kwamba ukwangala ulihesabiwa kuwa sababu kubwa ya kuishi hivyo. Mtu alifunzwa adabu na hekima na wa umri wake. Vijiji vile vya rika vimekwisha, na siwaombi mvirudishe. Wanawake hawakuwa na vijiji vyao, na mimi ni mwanamke. Ninachosema ni kwamba rika la kuzaliwa huvunjika mara tu mtu anapohama, awe amehamia Dresden au ametoka Busokelo kwenda kupanga chumba Uyole, na mtu mzima hawezi kuzaliwa tena ili alipate jingine. Lakini anaweza kuanza jambo asilolijua pamoja na wengine wasiolijua. Hao huwa rika lake. Mvulana wa miaka kumi na mmoja ni rika langu la tarumbeta, na ninalisema hilo kwa heshima yote.

Sasa nije kwenye neno ambalo najua litawaudhi baadhi yenu. Nyumbani, mtu akianza kitu kipya tunamuuliza kwanza kitamletea shilingi ngapi. Akifuma sweta tunamwambia afungue duka, na akioka keki nzuri siku moja tunamtafutia wateja kabla hajaila. Naelewa asili ya swali hilo, kwa kuwa mimi nami nimekua na njaa ya Februari, kabla mahindi mapya hayajakomaa. Lakini ombi langu ni kwamba tubakize jambo moja ambalo halipimwi kwa fedha, kwa sababu mteja anapoingia, kosa linakuwa hasara, na mwanafunzi anayeogopa kosa hajifunzi tena kwa furaha. Sisemi hivi kwa mama wa Iringa anayesuka vikapu vya milulu ili alishe watoto. Hiyo ni kazi yake na anastahili bei nzuri kuliko anayopewa. Namwambia binti yake mwenye kazi ya ofisini pale mjini, ambaye hajui kusuka hata mstari mmoja: nenda Jumamosi ukakae na mama na majirani zake, ukosee, ufumue, uanze tena, na kikapu chako kilichopinda kibaki nyumbani.

Wala hamhitaji fedha nyingi. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na kete zenyewe ni mbegu. Mlima Rungwe wenye mita 2,960 uko pale pale tangu tuzaliwe, na ni wangapi kati yetu wa Tukuyu waliowahi kuupanda, au kwenda Ngozi kulitazama lile ziwa la ndani ya kreta, bila kumsindikiza mgeni? Tafuteni wenzenu wanne, mchukue mwongozo, mpange Jumamosi moja kila mwezi. La muhimu ni kurudi, na kurudi na watu wale wale.

Mwaka 2023 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliokusanya taarifa za watu wapatao 93,000 wenye umri wa miaka 65 na zaidi kutoka nchi 16, na ikaonekana kwamba wenye hobi walikuwa na dalili chache za sonona na walijiona wenye afya, furaha na kuridhika zaidi. Inawezekana pia mwenye afya ndiye anayepata nguvu ya kuwa na hobi, kwa hiyo nisiwauzie tarumbeta kama dawa. Na kama huzuni yako imekuwa nzito kiasi cha kukosa usingizi na hamu ya kuishi, tafadhali nenda hospitali, umweleze mhudumu wa afya wazi wazi.

Nimalizie na baba. Nilipomwambia kwamba ninajifunza chombo chake, alinyamaza kwa muda, kisha akaniambia nimtumie video ya midomo yangu tu. Tangu siku hiyo ananifundisha kwa simu kila Jumapili. Miaka mingi mazungumzo yetu yalikuwa afya, hela na mvua. Sasa tunabishana kuhusu pumzi. Tulijaribu kupiga pamoja, lakini mtandao huchelewesha sauti, na mmoja wetu humkuta mwenzake ameshafika mwisho wa mstari. Kwa hiyo tunapokezana: mimi ubeti wa kwanza nikiwa hapa, yeye wa pili akiwa Rungwe, kwenye migomba ile ile. Amenipigia sasa hivi, yuko tayari, na amevaa koti kwa sababu kunanyesha. Ndaga fijo kwa kunisikiliza. Nitaiweka simu hapa mezani ili mtusikie wote wawili, nami naanza.