Wadudu wa Mto Arkansas na Sumu ya Migodi

Mabibi na mabwana, leo nitabaki kwenye mto mmoja: Arkansas, pale unapopita karibu na mji wa Leadville, Colorado, Marekani, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Migodi ya zamani ya huko iliachwa ikivujisha mtoni metali za zinki na kadmi, na mwaka 1983 serikali ya Marekani ililiingiza eneo hilo kwenye orodha yake ya maeneo ya taka hatari.

Kuchota maji na kuyapima ni lazima. Lakini katika mito ya baridi zinki hupanda theluji inapoyeyuka, kisha hushuka. Ukichelewa kuchota, imekupita. Mdudu anayeishi mtoni mwaka mzima haikumpita.

Inueni jiwe kwenye maji ya kasi, mto ukiwa mzima. Mtaona tunutu bapa, yaani wadudu ambao bado hawajaota mabawa, waliojibana juu yake, macho utosini, matamvua yamejipanga pande zote mbili za tumbo. Ni wa familia ya Heptageniidae, katika kundi la wadudu waitwao “mayfly” kwa Kiingereza. Hula kwa kukwangua utando wa mwani, na utando huo hunasa metali. Kwa hiyo sumu huwaingia kwa maji na kwa chakula pia. Mto ulipokwisha kupita Leadville walikuwa haba mno, huku mabuu ya visubi yakibaki. Ndiyo maana sikubali hesabu ya jumla ya wadudu: jiwe laweza kujaa, na mto ukawa mgonjwa.

Sasa jambo linalonikera. Majaribio mengi ya maabara yalionyesha kwamba wadudu hawa wanastahimili metali vizuri. William Clements wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, aliyeanza kuufuatilia mto huu mwaka 1989, aliona vingine kabisa. Majaribio yale huchukua siku chache, mara nyingi kwa tunutu waliokwisha kukua, bila chakula chenye metali. Wachanga ndio hufa upesi. Kiwango cha usalama kilichowekwa kwa majaribio hayo peke yake hakimlindi mdudu wa mtoni.

Mwaka 1992 mitambo ya kusafisha maji ya migodi ilianza kazi. Zinki ikapungua, na Heptageniidae wakaanza kurudi sehemu ya mto iliyo chini ya mji, maji yanakoelekea. Basi ninachowaomba ninyi mnaokwenda kuchukua sampuli: tenganisheni wadudu kwa familia, na wapimeni ukubwa kabla ya kuwahesabu.