Siku Zinahesabiwa Kuanzia Wapi?

Karibuni, kaeni. Naona wengine mmekuja na bahasha zenu za kaki mkononi. Ziwekeni kwanza, tutazifungua baadaye. Leo nina jambo moja: umeshindwa kwenye mahakama ya rufaa ya shirikisho hapa Marekani, sasa siku za kupeleka ombi lako mbele zinahesabiwa kuanzia wapi?

Zinaanzia siku karani alipoingiza hukumu kwenye daftari la kesi. Siku barua ilipokufikia haihusiki, wala siku wakili alipokupigia simu. Na mandeti nayo haihusiki. Hapa ndipo watu wanapoumia, nivumilieni kidogo.

Mandeti ni hati inayoirudisha kesi ilikotoka na kuipa hukumu nguvu ya kutekelezwa. Hutoka siku 7 baada ya muda wa kuomba kusikilizwa upya na mahakama hiyo hiyo ya rufaa kwisha, au siku 7 baada ya ombi hilo kukataliwa. Kwa kuwa inakuja mwisho, mtu akiishika anasema, "Haya, sasa ndiyo zangu zimeanza." Wapi!

Chukueni kalenda ya 2025. Tuseme ni kesi ya uhamiaji, hukumu imeingizwa Jumatatu, 3 Machi. Siku yenyewe haihesabiwi, unaanza Jumanne, na Jumamosi na Jumapili zote zimo. Kesi ya madai kwa kawaida ina siku 14 za kuomba kusikilizwa upya. Serikali ya shirikisho ikiwa mmoja wa wahusika, zinakuwa 45, na uhamiaji huingia kwenye madai, si jinai. Basi mwisho wako ni Alhamisi, 17 Aprili. Usipoomba, mandeti inatoka 24 Aprili, na zuio lililokuwa linakukinga usiondolewe nchini kwa kawaida linakufa siku hiyo. Unaweza kuomba mandeti isimamishwe, lakini omba kabla haijatoka, na uwe na hoja nzito ya kupeleka juu.

Huko juu, Mahakama ya Juu inakupa siku 90 za kuiomba isikilize kesi yako. Kutoka 3 Machi zinaisha 1 Juni. Ni Jumapili, kwa hiyo unasogezewa hadi Jumatatu, 2 Juni. Aliyehesabu kutoka kwenye mandeti atakuja 23 Julai, makaratasi yamepangwa vizuri, amechelewa siku 51. Kanuni ya 13 ya Mahakama hiyo imeandika wazi kwamba siku hazianzii kwenye mandeti. Ila ukiwa uliomba kusikilizwa upya ndani ya muda, 90 zinaanza siku ulipokataliwa.

Posta nayo ina mitego yake. Ombi la karatasi la kusikilizwa upya lazima limfikie karani kabla muda haujaisha. Mahakama ya Juu yenyewe inakubali muhuri wa posta wa siku ya mwisho. Mashine ya stempu ya ofisini kwenu haitoshi.

Na msimwachie hata jaji awahesabie. Katika kesi ya Bowles dhidi ya Russell, jaji wa chini alimpa mfungwa siku 17 za kukata rufaa wakati sheria inaruhusu 14. Mfungwa akaileta rufaa siku ya 16. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu, majaji 5 kwa 4, ikasema amechelewa. Mimi hukumu ile hainiingii akilini mpaka leo, lakini ndiyo sheria.

Haya, bahasha sasa. Tuanze na wewe mama. Hapana, achana na tarehe ya posta. Nisomee ile ya hukumu.