Twende Wales: Maziwa ya Milimani na Kijiji Kilicho Chini ya Maji

Habari zenu ndugu zangu. Wazee wangu mnaotazama, shikamooni. Leo sipo Liverpool. Nimevuka mpaka, nipo Bala, kaskazini mwa Wales, mwendo wa kama saa mbili kwa gari kutoka ninapokaa. Huo upepo mnaousikia kwenye maiki tutakuwa nao mpaka mwisho wa video. Na hayo maji nyuma yangu ni Llyn Tegid, ziwa la asili kubwa kuliko yote nchini Wales. Hilo neno "llyn" mtalisikia sana leo, ndilo ziwa.

Watu wa Mwanza, nawajua. Mmeshaona ng'ambo, mmeona hadi kondoo wa ng'ambo, mnaguna. Ni kweli, lina urefu wa kilomita 6 hivi, na upana wake mahali pengi haufiki kilomita moja. Lakini ngojeni nizungushe kamera taratibu. Tazameni vilima vinavyoshuka mpaka majini, kijani huku chini, kahawia kule kati, na kule mwisho mlima Aran umeingia mawinguni. Ule moshi upande wa pili ni treni ndogo ya mvuke inayopita kandokando ya ziwa. Kwetu ukisimama Capri Point unatazama maji mpaka yanapokutana na mbingu. Hapa macho yanapanda, maji yanashuka, na vyote vimo ndani ya picha moja. Mimi sijachoka kupatazama.

Kina cha ziwa hili kinapita mita 40, na humo chini yumo samaki anayeitwa gwyniad. Ana rangi ya fedha, anapenda maji baridi ya kinani, wala usitarajie kumwona ukiwa ufukweni. Zama za barafu zilipokwisha, kama miaka 10,000 iliyopita, alibaki humu akakatiwa njia. Kwa asili hapatikani mahali pengine popote duniani. Sasa sikilizeni: katika miaka ya 1980 aliingia samaki mgeni, wanamwita ruffe, na huyu mgeni anakula mayai ya gwyniad.

Hapo sisi watu wa Ziwa Victoria hatuhitaji kuelezwa zaidi. Tunamjua sangara. Aliletwa na watu katikati ya karne iliyopita, na furu, wale samaki wetu wadogo wa asili, wakaanza kupotea, aina hii, kisha ile, mpaka leo kuna furu ambao mtoto wa Mwanza anasikia habari zao kwa babu yake tu. Hawa wa huku walichukua mayai ya gwyniad wakayapeleka kwenye ziwa jingine dogo, Llyn Arenig Fawr, juu milimani karibu na hapa, ili hata Tegid likiharibika mbegu isipotee. Nimelifurahia sana jambo hilo. Natamani wale furu wetu waliopotea nao wangewahiwa hivyo.

Haya, tumesogea. Tumeshika barabara ya kwenda Trawsfynydd, si mbali na Bala, na hapa naomba tukae kidogo.

Hili ni Llyn Celyn. Zuri, siyo? Maji yametulia, meusi yanayong'aa, mlima Arenig umejitazama humo. Ukipita na gari bila kusimama utalipiga picha, utaiweka mtandaoni, utaandika "paradiso". Sasa fuateni kidole changu mpaka kule mwisho. Mnaona ule mstari mnyoofu ulioota nyasi? Mlima hauna mstari mnyoofu namna ile. Ule ni ukuta wa bwawa, na ziwa lote hili limetengenezwa na watu.

Chini ya maji haya palikuwa na kijiji kinaitwa Capel Celyn. Palikuwa na shule, posta, kanisa na makaburi yake, na nyumba na mashamba 12. Walikuwa wafugaji wa kondoo na wakulima, wakiongea Kiwelshi nyumbani, kanisani na darasani. Katikati ya miaka ya 1950 Liverpool, jiji ninaloishi mimi, ilitaka maji zaidi, ikalichagua bonde hili. Haikwenda kuomba ruhusa kwa halmashauri za Wales. Ilipeleka muswada moja kwa moja Bungeni London, kwa sababu sheria ikipita kule, kibali cha wenyeji hakihitajiki tena. Mwaka 1957 ikapita. Wabunge wa Wales walikuwa 36, na hakuna hata mmoja aliyeiunga mkono. Ikapita hivyohivyo.

Wanakijiji hawakukaa kimya. Novemba 1956 walifunga safari mpaka Liverpool, wazee, kina mama na watoto wao, wakaandamana mitaani na mabango wakiomba nyumba zao zisizamishwe. Nikipita katikati ya mji ninajiuliza ni watu wangapi siku ile waliacha shughuli zao wakasoma yale mabango. Haikusaidia. Bonde lilikuwa na watu 67, na 48 kati yao wakapoteza makazi. Nyumba zikabomolewa. Makaburini, baadhi ya familia walihamisha maiti za ndugu zao, wengine wakaamua wapendwa wao walale palepale, makaburi yakafunikwa kwa zege kabla maji hayajaja. Ndugu zangu, kwetu kuhamisha kaburi mnajua uzito wake. Unaita ukoo, unaita wazee, watu wanakaa vikao. Hebu fikirieni barua inakuja kutoka mji mwingine inakwambia tarehe.

Oktoba 1965 wakubwa wa Liverpool wakaja kuzindua bwawa. Waandamanaji wakajaa, wakapiga kelele, hotuba zikazama, sherehe ikavunjika ndani ya dakika chache.

Njooni huku ufukweni niwaonyeshe. Hiki kijumba cha mawe kisicho na madirisha mengi ni kanisa la kumbukumbu, na hapa pembeni yamewekwa mawe ya makaburi yaliyotolewa kule chini. Sitasogeza kamera mpaka majina yasomeke, kwa sababu wenye ndugu zao bado wapo. Lakini tazameni nafasi iliyoko hapa, ukubwa wake. Ukoo mzima umebanwa kwenye ukuta mmoja.

Sasa niwaambie kwa nini nimeng'ang'ania ziwa hili wakati yako mengine makubwa na yenye sifa zaidi. Maji ya hapa hayaendi Liverpool kwa bomba. Yanafunguliwa pale ukutani, yanaingia mto Tryweryn, yanakutana na mto Dyfrdwy, ambao kwenye ramani za Kiingereza mtauona kama Dee, yanatiririka mpaka pembeni mwa Chester, na huko ndiko yanakovutwa kwa pampu. Kabla ya hapo, miaka ya 1880, Liverpool ilikuwa imeshajenga bwawa jingine huku Wales, Lake Vyrnwy, na kijiji cha Llanwddyn kikaenda chini vilevile. Kwa hiyo maji ninayochemshia chai, maji niliyomwogeshea mwanangu alipozaliwa, sehemu yake inatoka kwenye vilima hivi. Nimeona nije nipaone yanakotoka na nijue waliyatoa akina nani.

Mwaka 2005 Halmashauri ya Jiji la Liverpool iliomba radhi rasmi. Miaka 40 baadaye, lakini iliomba, na mimi naheshimu mtu anayeomba radhi hata akichelewa. Wawelshi wenyewe hawakusahau. Kwenye barabara ya pwani karibu na Llanrhystud kuna kipande cha ukuta wa nyumba iliyoanguka, kimeandikwa kwa rangi "Cofiwch Dryweryn", yaani ikumbukeni Tryweryn, ndilo bonde hili lililozamishwa. Maneno yale yapo tangu miaka ya 1960. Mwaka 2019 watu wakaubomoa sehemu, basi ndani ya wiki chache maneno yaleyale yakaanza kuonekana kwenye kuta za Wales nzima, magulioni, vijijini, kwenye maghala ya mashambani. Na uchaguzi mdogo wa 1966, mwaka mmoja tu baada ya bwawa kufunguliwa, ndio uliompeleka Gwynfor Evans London, mbunge wa kwanza wa Plaid Cymru, chama cha kizalendo cha Wales. Wengi huku watakwambia hasira ya Tryweryn ilichangia.

Sisemi miji isinywe maji. Mji bila maji ni kipindupindu, hilo tunalijua. Ninachokataa ni mwenye nyumba kuwa mtu wa mwisho kuulizwa.

Asubuhi nyingine hii, mahali pengine. Samahani kwa kuhema, tumetoka kupanda. Hapa ni Cwm Idwal, ndani ya hifadhi ya Eryri, ambayo kwa Kiingereza wanaiita Snowdonia, na hili ziwa dogo ni Llyn Idwal. Kutoka barabarani kwenye Llyn Ogwen ni mwendo wa nusu saa hivi kwa miguu, njia imetandikwa mawe, mtoto mkubwa anapanda bila taabu. Hili ukuta wake haukujengwa na mtu. Mto wa barafu ulikaa hapa, ukachimba mlima kama kijiko kinavyochimba ugali, ukasukuma mawe na udongo mpaka hapa mbele, kisha ukayeyuka ukayaacha. Vile vilima vidogo vyenye nundu vinavyolizunguka ziwa ndiyo mabaki hayo. Na huu mwamba niliosimama juu yake, ngojeni niinamishe kamera, unaona umelainika upande mmoja na una michirizi? Barafu imepita hapa ikiburuta mawe.

Charles Darwin, yule mwanasayansi, alikuja hapa mwaka 1831, kijana, miezi michache kabla hajapanda meli ya Beagle kuizunguka dunia, pamoja na mwalimu wake wa jiolojia, Adam Sedgwick. Walikuwa wanatafuta visukuku vya viumbe. Walizunguka saa nyingi, wakakagua miamba kwa makini, na wote wawili hawakuiona hiyo michirizi. Darwin alirudi mwaka 1842, safari hii akijua anachotafuta, akaiona kila mahali. Baadaye aliandika kwamba hata nyumba iliyoungua moto isingeeleza kisa chake waziwazi kuliko bonde hili. Mimi hilo linanigusa kwa sababu michirizi yenyewe ipo wazi, unaikanyaga.

Wakenya mliopanda Mlima Kenya mkapita Teleki Tarn, Waganda mliofika Bujuku kule Ruwenzori, mmeshaona ndugu wa ziwa hili. Ni kazi ya barafu ileile. Na sisi wa Tanzania barafu yenyewe bado tunayo, juu ya Kibo, ingawa inapungua. Nendeni mkaione wakati ipo.

Wenyeji wana kisa kwamba Idwal alikuwa mtoto wa mfalme, akasukumwa majini akafa, na tangu siku hiyo hakuna ndege anayeruka juu ya maji haya. Kule juu kwenye ule ufa mweusi mwambani ndiko yanakoota maua madogo ya milima baridi, likiwemo yungiyungi ambalo Uingereza nzima halioti nje ya Eryri. Mahali hapa palikuwa hifadhi ya taifa ya mazingira ya kwanza Wales, mwaka 1954. Kondoo wameondolewa ili mimea irudi, na mnaona ilivyorudi: vichaka vyenye maua ya rangi ya zambarau, miti midogo inachomoza kati ya mawe.

Sasa kwa mlioko Uingereza mnaotaka kuja, maana mmekuwa mkiniuliza. Kuingia hulipi. Bala unafika kwa basi la T3 kutoka Wrecsam (Wrexham kwa Kiingereza), na Ogwen kuna basi la T10 kati ya Bangor na Betws-y-Coed. Wenye magari wahini mapema, maegesho ya Ogwen yanajaa asubuhi. Njoo na koti la mvua hata kama jua linawaka, buti za kupandia, chupa ya chai na maandazi yako. Ukikuta geti limefungwa, pita ulifunge. Hayo ni malisho ya watu. Watu wakikusalimia njiani, itikia, hata kwa "bore da" tu, yaani habari za asubuhi. Huku salamu ina thamani kama kwetu.

Na nawaomba sana kuhusu kuogelea, hasa vijana wetu. Tumekulia kwenye maji ya vuguvugu, tunajiamini. Maji haya hata Julai ni baridi ya kukata pumzi. Mtu anaruka, kifua kinabana, anavuta pumzi akiwa chini, na hapo ndipo anapokufa, hata kama anajua kuogelea vizuri. Ingia polepole, kaa karibu na ukingo, usiwe peke yako. Na kwenye mabwawa kama Celyn usiingie kabisa.

Video ijayo nataka iwe yenu. Wenzangu mnaoishi karibu na Mtera, Nyumba ya Mungu, Masinga, Kiambere, kaeni na wazee muwaulize kabla ya bwawa palikuwa na nini pale, nani alilima wapi, pakiitwaje. Mkipata majina, niandikieni hapo chini na kama inawezekana mrekodi sauti ya mzee mwenyewe akiyataja. Nitayasoma yote.