Kumwita Elki Siku ya Upepo

Ndugu zangu, wengi wenu mlioanza kuwinda elki, kulungu mkubwa wa Amerika, huku Colorado mmeniuliza swali moja: upepo ukivuma, niige mlio wake kwa nguvu zaidi ili aje? Hapana, na nitawaeleza sababu.

Mabaharia wa pwani wana maneno mawili nitakayoyaazima. Goshini ni upande upepo unakotoka, demani ni upande unakokwenda. Karibu na ardhi upepo hupunguzwa kasi na nyasi na miti. Juu zaidi huenda mbio. Kwa hiyo sauti inayokwenda demani huinama kurudi chini, ikamfikia mnyama. Inayokwenda goshini huinuka, ikampita dume juu ya pembe zake asisikie kitu. Tazameni basi mtego wenyewe: anayekusikia vizuri ndiye anayenusa jasho lako, na asiyekunusa hakusikii. Ukizidisha nguvu, unazidi kuwaita wale wale watakaokukimbia.

Mimi nililijua hilo Septemba moja, msimu wa kupandana. Nilikaa mgongoni mwa kilima, nikapuliza bomba la kuigia dume: mluzi unaoanzia chini, ukapanda, ukamalizikia kwa mikoromo. Nilipuliza tena na tena. Kimya. Nilipokata tamaa nikashuka demani, na hatua kama sitini hivi nikakuta alama za kwato, kingo za udongo bado mbichi, na harufu kali ya mkojo wa dume majanini. Alikuja bila kujibu, akazunguka, akaninusa, akaenda zake. Iliniuma sana, maana alikuwa amekuja!

Sasa siku ya upepo kama hiyo natumia kile kipande chembamba cha mpira kinachobanwa kwenye kaakaa, naiga jike, sauti fupi, upepo unapotulia kidogo. Nakaa hivi kwamba dume awe ubavuni, upepo ukikatiza kati yetu. Demani yangu naacha genge la mlima au magogo yaliyolaliana, asipate njia ya kuzunguka. Kubwa kuliko yote, nasogea karibu kabla ya kuita. Elki huwa wamejibanza upande wa mlima usiopigwa na upepo, na matawi yanayolia yanaficha hatua zako.

Upepo wa milimani hugeuka, basi upimeni kila mara. Wasasi wa Tanzania hubeba majivu kwenye kimfuko cha kitambaa, nami nina changu hapa. Kaka uliyekaa mbele, kichukue, ukitikise pale mlangoni, tuone vumbi linaelekea wapi.