Janko, nukta 7 na ile kesi iliyogoma kufa

Habari zenu jamani, mko salama? Leo sitembei mtaani, wale wa "tuonyeshe mji" mnisamehe, leo nimekaa mezani na karatasi na peni kwa sababu kila siku mnaniuliza wewe huko unasoma hesabu gani isiyoisha, wengine mnadhani nazidisha namba kubwa kubwa tu kutwa nzima. Hapana bwana. Sogeeni.

Nachora nukta 7 kwenye duara, 1 mpaka 7. Chukulia ni watu. Nataka timu za watu watatu watatu, na watu wowote wawili wawe pamoja kwenye timu moja tu, isizidi isipungue. Ukibahatisha utachoka, mimi mara ya kwanza nilichana karatasi nne. Sasa ona: timu ya kwanza 1, 2, 4. Halafu usiwaze tena, kila mtu muongezee 1, unapata 2, 3, 5. Tena, 3, 4, 6. Tena, 4, 5, 7. Ukipita 7 unarudi kwa 1, kwa hiyo 5, 6, 1, halafu 6, 7, 2, halafu 7, 1, 3. Kwisha! Timu 7. Kagueni wenyewe, 3 na 6 wako wapi pamoja? Kwenye 3, 4, 6, na kwingine hakuna.

Kupanga timu ndo kombinatoriki. Kule kuzungusha ndo kundi, maana kundi kwa wanahesabu si lundo la vitu, ni vitendo ambavyo ukikifanya hiki halafu kile bado uko humohumo, na kila kimoja kinaweza kutenguliwa. Hizi timu zina vitendo 168 vya kuwahamisha watu bila kuharibu chochote.

Sasa alikuwepo mzee mmoja, Zvonimir Janko, Mkroatia aliyezaliwa 1932, alianza kama ticha wa fizikia sekondari, akapata PhD Zagreb 1960 halafu akaenda Australia. Wakati huo watu wanatafuta makundi sahili, yaani yale yasiyovunjika kuwa madogo, mengi yana koo zake zinazoeleweka, isipokuwa 5 aliyoyapata Mathieu wa Ufaransa kati ya 1861 na 1873, hayo hayana ukoo. Baada ya hapo kimyaa, zaidi ya miaka 90.

Janko alikuwa na kesi moja iliyobaki, yaani aina moja ya kundi ambayo bado haijafutwa, ilitakiwa aonyeshe haiwezekani aifute, basi. Unachukua kitendo ambacho ukikirudia mara 2 unarudi ulipoanza, unakusanya vyote vinavyopatana nacho, yaani utangulie hiki utangulie kile unafika palepale, na kwenye kesi hiyo vinakuwa 120. Unabana hesabu mpaka zigongane. Hazikugongana! Kila akibana zinakubali, mpaka zikamwambia hilo kundi lina vitendo 175,560 kamili, na akaliandika kwa matriksi, yaani majedwali ya namba, za 7 kwa 7 ambazo namba zake zinarudi 0 zikifika 11. Hiyo ni 1965. Mimi hapo ndo napasikia raha kuliko pote, mtu kaenda kuzika karudi na mtoto.

Hilo la kwanza likaitwa J1, herufi ya jina lake, J2 na J3 zikafuata. Ya 4 aliifikia 1975 akiwa Heidelberg, Ujerumani, ina vitendo 86,775,571,046,077,562,880, na yeye alitoa ushahidi tu, wa kuijenga kweli walikuwa watu wa Cambridge na kompyuta yao, 1980. Leo zisizo na ukoo ni 26, nne zina jina lake.

Baadaye akahamia kwenye hizi timu, na nimeshasikia mtu anasema eti alishuka daraja, kombinatoriki ni ya kupumzikia. Sikubaliani hata kidogo. 1985 yeye na mwanahesabu mwenzake Tran van Trung walitoa mpango wa watu 78, timu 78, kila timu watu 22, na wawili wowote wanakutana kwenye timu 6. Ubahatishe wapi hapo? Walifanya kama mimi hapa na karatasi, unakubali kwanza kuwa kuna kundi linalowasogeza watu, basi unawashughulikia mafungu mafungu badala ya mmoja mmoja. Ni mkono uleule, kashika kipande kidogo kadai kizima.

Haya, zamu yenu. Watu 13, timu za wanne wanne, wawili wowote wakutane mara moja tu. Nawapa 1, 2, 4, mkizungusha mkipita 13 mnarudi 1. Wa nne ni nani? Yupo mmoja tu, niandikieni hapo chini, na anayeuliza kompyuta tutamjua.