Spock Angezaliwa Newala Angekuwa wa Kwa Mama Yake

Wazee wangu shikamooni, kaka na dada zangu habari za jioni, na nyie wadogo mliokaa huko mlangoni njooni mbele bwana viti vipo, mmekaa kama watu wanaodaiwa. Mwenyekiti kaniambia umeme wa hapa Shangani leo hauaminiki, kwa hiyo zile picha nilizoweka kwenye laptopu tuzihesabu kama bahati nasibu, sauti ninayo.

Tangazo lilisema naongelea ofisa wa chombo cha anga ambaye ni chotara. Hapo nje mzee mmoja kanishika mkono kaniuliza huyo chotara ni wa familia gani ya Mikindani. Hapana mzee wangu, huyu katokea mbali kidogo, baba yake ni balozi wa sayari inaitwa Vulcan na mama yake ni binadamu wa dunia hii hii, mwalimu. Jina lake Spock. Ni wa kwenye tamthilia ya Marekani inaitwa Star Trek ilianza kuonyeshwa kwenye tivii tarehe 8 Septemba 1966, ana masikio yamechongoka, nyusi zimepanda juu, damu yake ya kijani maana ina shaba badala ya chuma, na kazi yake ni mkuu wa sayansi na msaidizi wa nahodha kwenye meli ya anga ya watu kama 430 inaitwa Enterprise. Wakubwa wa kituo waliyaogopa yale masikio mpaka kwenye kipeperushi cha matangazo wakayasawazisha kwa rangi, waliona yanafanana na ya shetani.

Mi nilimjua Newala, kwenye kibanda umiza, tulilipa tukijua ni karate. Tukakaa, karate haiji, yupo mtu wa masikio ya popo anaongea taratibu kama hakimu, wenzangu wakatoka wakidai hela zao, mi nikabaki.

Dokezo dogo kabla sijasahau. Yule dada wa mawasiliano kwenye meli ile, Uhura, aliyechezwa na Nichelle Nichols, jina lake limechongwa kutoka neno letu uhuru, na kuna sehemu ya mwaka 1967 mashine inamfuta kumbukumbu zote, wanapomfundisha upya kusoma Kiingereza kinamshinda katikati, Kiswahili ndo kinamtoka. Haya, hiyo ni mada ya siku nyingine.

Sasa kwanini nilibaki kwenye kile kibanda. Baba yangu Mmakonde wa Newala, mama yangu Mchaga wa Marangu, alikuja huku kufundisha. Naona wazee mshaanza kucheka, mmeshapiga hesabu tayari. Kwa vijana ngoja niifafanue. Huku kwetu, Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, kwa desturi ya zamani ukoo unahesabiwa kwa mama, mtoto ni wa kwa mama yake na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Kule kwa Wachaga ni baba, kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, kinatoka kwa baba kinaenda kwa mtoto wa kiume. Kwa hiyo ukimchukua baba Mchaga na mama Mmakonde mtoto anagombaniwa, huku wanasema wetu na kule wanasema wetu, mtoto anakula Krismasi mara mbili. Sasa geuza. Baba Mmakonde, mama Mchaga. Kwa baba wanasema huyu ni wa kwa mama yake, kwa mama wanasema huyu ni wa kwa baba yake, na wote hawana ubaya na wewe hata kidogo, wanakupenda, wanakukaribisha chai, ila kila mmoja anakuonyesha upande wa pili kwa kidole.

Baba alipofariki nilikuwa na miaka kumi na moja. Siku ya arobaini baiskeli yake, ile nyeusi yenye kibanio cha mkeka nyuma, alichukua mpwa wake, mtoto wa shangazi, na alikuwa sahihi kabisa kwa desturi, na aliipakia taratibu akanishika kichwa akasema mdogo wangu usilie, wewe una kwenu. Mwezi wa kumi na mbili tukaenda Marangu, babu mzaa mama akanizungusha kihambani ananionyesha migomba, hii ya mjomba wako fulani, hii ya fulani, alafu akasimama akaniambia na wewe mjukuu wangu, kwenu kusini korosho zinaendeleaje. Mi nikasema nzuri babu. Ningesema nini.

Basi Spock. Mtu yeyote akimwelezea huyu jamaa anaanza na nusu, nusu binadamu nusu Mvulcan, kama vile ukimkata katikati utaona mstari. Mi nabisha. Damu haina mstari, mstari wanauchora wazee wanapopiga hesabu. Leo Spock angezaliwa Newala kusingekuwa na mjadala, mama yake Amanda ni binadamu basi na yeye binadamu, masikio hayo tungesema karithi kwa baba yake yatazoeleka. Tatizo lake kazaliwa Vulcan, hesabu imeenda kwa baba yake Sarek, na wale watu wanajivunia kutawala hisia, hawacheki hawalii kila kitu mantiki, kwa hiyo kila akiteleza kidogo wanasema unaona, yule mama. Akienda kwa binadamu akikaa kimya kidogo wanasema unaona, yule baba.

Kuna sehemu moja ya Novemba 1967 nimeiangalia sijui mara ngapi. Sarek na Amanda wanapanda Enterprise pamoja na mabalozi wengine, na nahodha Kirk hajui kama ndo wazazi wa msaidizi wake, anamwambia Spock shuka sayarini ukasalimie wazazi wako, Spock anamjibu mbele yao kwamba hawa hapa ndo wazazi wangu. Baba na mwana hawajaongea kama baba na mwana miaka 18, sababu Spock hakwenda chuo cha sayansi cha Vulcan kama baba yake alivyotaka, akaenda kwenye jeshi la anga la shirikisho la sayari. Miaka 18! Na hakuna aliyepiga kelele, wamenyamaziana tu kwa adabu, na nyie mnajua kunyamaziana kwa adabu kunavyouma kuliko matusi.

Sasa Sarek moyo unamsumbua, inatakiwa apasuliwe, damu yake ni ya aina adimu na mwenye nayo humo ndani ni Spock peke yake. Muda huo huo Kirk kachomwa kisu, Spock ndo kashika meli na kuna chombo cha adui kinawafuata nyuma. Spock anasema siwezi kutoa damu, mi ndo nashika meli, sheria ni sheria. Mama yake anaingia chumbani kwake. Anaanza kwa upole, anamkumbusha alivyokuwa na miaka mitano akirudi nyumbani mdomo kaubana, wenzake wamemwambia wewe sio Mvulcan kweli, na yeye mama anamtazama anajua ndani huyu mtoto analia, basi analia yeye. Spock anamjibu kwa hoja. Anamjibu tena kwa hoja. Amanda anamzaba kibao cha uso, anatoka, mlango unajifunga, na Spock anabaki pale, anaunyoosha mkono anauweka kwenye ule mlango. Basi. Hakuna kilio wala nini. Mi pale ndo huwa nasimamisha video, manake mama yangu naye mwalimu, na kibao cha mwalimu nakijua kinavyokaa shavuni. (Damu anaitoa baadaye, Kirk anajifanya kapona anarudi kwenye kiti chake cha unahodha huku jeraha bichi, ili Spock akose sababu.)

Mwaka 1968 huko huko Marekani binti mmoja, mama yake mweusi baba yake mzungu, akaandika barua kwenye gazeti la vijana linaitwa FaVE, na barua hakumwandikia mwigizaji, aliiandika kwa Spock mwenyewe. Kwamba najua na wewe uko nusu kwa nusu na umeteseka, mimi hapa weusi hawanitaki na weupe hawanitaki, nifanyeje. Leonard Nimoy, ndo mwenyewe aliyemcheza Spock, akamjibu kwa kirefu kwenye gazeti hilo hilo, akamsimulia Spock alivyokuwa mdogo na alivyofika mahali akajiambia sio wote watakaonipenda, ila wapo watakaonikubali kama nilivyo. Mi hiyo barua niliisoma nikiwa mtu mzima na ndevu zangu na bado nikatoka nje nikazunguka nyumba.

Na Nimoy alijua anachoongea, kazaliwa Boston 1931, wazazi wake Wayahudi wahamiaji kutoka nchi ambayo leo ni Ukraine. Ile salamu ya vidole, ngoja, inueni mikono ya kulia wote, kidole cha kati na cha shahada pamoja, cha pete na kidogo pamoja, katikati uwazi, gumba pembeni. Haya. Wengine imegoma, mama pale anavisaidia vidole kwa mkono wa kushoto, ruksa mama, hata waigizaji wengine walifanya hivyo. Ile aliiona sinagogi akiwa mtoto, makuhani wanabariki watu kwa mikono hivyo, aliambiwa asiangalie, akachungulia. Ilipokuja kutakiwa salamu ya Wavulcan, mwaka 1967, akaitoa mfukoni. Yaani salamu ya watu wasiokuwepo kabisa ni kitu cha kwao Nimoy, alichokichungulia.

Nirudi kwetu. Kwenye katuni ya Star Trek ya mwaka 1973 tunaonyeshwa mtihani wa mtoto wa Kivulcan, siku kumi jangwani hamna chakula hamna maji hamna silaha. Wazee mnatabasamu, ni jando lile, tofauti sisi tulikuwa tunaletewa ugali. Na hapo ndo mi nilikwama. Mwaka wangu ulipofika wenzangu kila mmoja ana mjomba wake, mjomba ndo anahangaika na mambo, mjomba ndo anasimama. Wajomba zangu wako Marangu, siku mbili kwa basi, na hata wangekuja wangeuliza hii ni nini. Nilikaa barazani na kaniki yangu nimekunja. Akaja jirani yetu fundi baiskeli, mikono ina grisi, akamwambia mama, mwalimu, huyu nampeleka mimi.

Kitu cha mwisho ni daktari wa meli, McCoy. Mashabiki wanabishana miaka na miaka kwamba McCoy ni mbaguzi, kila siku anamtukana Spock, masikio yako, damu yako ya kijani, wewe kompyuta. Wanabishana sababu hawana neno la utani. McCoy ni mtani wake! Mtani anakutukana mbele ya wakweo na unacheka, na siku ukifa mtani huyo huyo ndo anakuja msibani kufanya vituko na kazi anaifanya. Na angalia, kwenye sinema ya 1982 Spock anaingia kwenye mionzi kuokoa meli, anakufa. Kabla hajaingia, roho yake, wao wanaita katra, anaiweka kwa nani? Kwa McCoy. Sinema inayofuata, ya 1984, daktari wa watu anatembea na roho ya mtani wake kichwani, anaongea kwa sauti ya Spock, wanamfungia wanadhani kachanganyikiwa.

Umeme ulikatika hapo hapo, kama mlivyoona, na maswali tumeyachukua gizani. La kwanza lilikuwa la bibi aliyekaa karibu na dirisha, nimeliandika kama lilivyotoka.

"Mjukuu wangu, yote nimesikia. Mjomba wa huyo mtoto ni nani?"

Nikamwambia bibi, kwenye zile nilizoangalia mjomba hatajwi, mama yake anakuja peke yake.

"Hatajwi. Haya. Alipokufa huko, maiti nani alikwenda kuifuata?"

Nikamwambia nahodha wake, Kirk, tena aliiba meli kwenda kuifuata, meli yenyewe ikalipuka na mtoto wake wa kumzaa akauawa huko huko.

Bibi akakaa kimya kidogo. Alafu akasema, "Basi mbona unaniambia hatajwi."