Ndege yenye tabo au isiyo na tabo?

Shikamooni wazee wangu, na ninyi vijana habari za jioni. Kila mtu hapa Dar anayekusanya hela za kununua ndege yake ndogo huniuliza swali hilohilo: nichukue yenye tabo au isiyo nayo?

Kwanza pokeeni hiki, mpitishane. Ni gurudumu la tabo, linaenea kiganjani. Moshi wa ekzosi hulizungusha mara makumi elfu kwa dakika, na mwenzake wa upande wa pili anashindilia hewa kwenye silinda, kama kwenye Fuso. Pitisheni kidole kwenye ncha za mapanga yake, mtaona zilivyoliwa. Lilikuwa likikaa kwenye joto linalokaribia nyuzi 900.

Taabu yote hiyo ni kwa sababu injini nayo inapumua. Isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000 unazopanda. Uwanja wetu wa Dar uko futi 182 tu kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo hapa huoni kitu. Nenda Arusha, futi 4,550, mchana wa nyuzi 28: hewa inakuwa nyepesi kana kwamba uko futi 7,000 na ushee. Cessna 206 ya kawaida, yenye nguvu ya farasi 300, pale inabaki na chini ya 240. T206, yaani ndugu yake mwenye tabo, ina 310, na inaruka nazo zote.

Hayo yalinikuta. Saa saba mchana, abiria watatu, matangi yamejaa, ndege haina tabo. Nilivuta usukani, magurudumu yakaachana na lami, lakini kupanda hakuna. Mibuni ya ng'ambo ya kiwanja niliiona jani kwa jani. Nilipofika nyumbani sikuweza kula. Tangu siku ile, Arusha naondoka kabla ya saa tatu asubuhi, mafuta ya kunitosha safari na akiba yake, basi. Ndege ni ileile, na bado haina tabo.

Kwa hiyo mtu wa Zanzibar, Mafia na Kilwa simshauri tabo hata kidogo. Zanzibar ni dakika 20 hivi. Hutapanda hata nusu ya urefu ambao tabo inaanza kukulipa, ila uzito wake, petroli yake na silinda zinazochoka mapema utavigharamia kila mwezi. Mwenye shughuli Iringa na Mbeya, anayebeba familia mchana, huyo namwambia ajipange ainunue. Lakini juu ya futi 10,000 akili hulegea na mwenyewe usijue, basi oksijeni iwemo. Na wingu la radi la masika hupita futi 40,000. Hilo unalizunguka, tabo haikuvushi.

Ukishainunua, ukitua usizime papo hapo. Iache ingurume taratibu dakika chache, oili izunguke, beringi zipoe. Ukizima ikiwa bado ya moto sana, oili huungulia humo ndani na kuganda kama lami. Gurudumu hilo mlilonalo, beringi zake zilikufa hivyo. Naomba lirudi huku mbele, tuanze maswali.